Uzi Huvuta, Hausukumi: Mwongozo Kamili wa Vikaragosi vya Nyuzi katika Urithi na Uponyaji wa Jamii

Mtu aliyevaa kikaragosi cha soksi mkononi huamuru, na kichwa cha kikaragosi hutii papo hapo. Anayeshika kikaragosi cha nyuzi hana amri ya namna hiyo, kwa sababu uzi unaweza kuvuta tu, hauwezi kusukuma. Ukitaka mkono wa mbao uinuke, unavuta, lakini ukitaka ushuke huna la kufanya ila kulegeza uzi na kuuachia uzito wa mbao umalize kazi. Nusu ya kila mwondoko hutoka kwa mchezeshaji na nusu ya pili hutoka ardhini, na anayejaribu kuiharakisha nusu hiyo ya pili huishia kukirusharusha kikaragosi chake kama samaki aliyenaswa ndoanoni. Nimeanza na jambo hili la kimaumbile kwa kuwa karibu kila hatua ya mwongozo huu, kuanzia uchaguzi wa mbao hadi namna ya kuketi na watu waliofiwa, inalirejea.

Ninaposema uponyaji wa jamii nakusudia jambo la kiasi. Kikaragosi hakitibu ugonjwa wa akili na hakichukui nafasi ya mshauri nasaha wala daktari. Kinachoweza kufanya ni kuwapa watu waliopitia msiba, fujo au uhamisho kitu cha tatu cha kutazama kwa pamoja, ili maneno yanayokwama mtu anapotazamwa usoni yapate njia nyingine ya kupitia.

Jua kwanza unaingia katika nyumba ya nani

Neno letu kikaragosi lina undugu na Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, jambo linaloonyesha jinsi sanaa hii inavyosafiri. Vikaragosi vya nyuzi vina makao mengi, na kila makao yana desturi yake ya ufundi. Katika Rajasthan, India, wachezeshaji wa jamii ya Bhat huchonga kathputli, mara nyingi kwa mti wa mwembe. Kikaragosi hicho hakina miguu, huvikwa sketi ndefu, na nyuzi zake chache hufungwa moja kwa moja kwenye vidole vya mchezeshaji bila kishikio chochote. Huko Quanzhou, mkoani Fujian, China, kikaragosi kimoja huwa na nyuzi 16 au zaidi, na vingine huvuka 30, zote zikiwa zimening'inia kutoka kwenye kibao kimoja chenye mpini. Nchini Sri Lanka, familia za ukoo wa Gamwari katika miji ya pwani ya kusini kama Ambalangoda, Balapitiya na Mirissa huchezesha vikaragosi vikubwa vya mbao nyepesi, na wenyewe ndio wachongaji, wasemaji na waimbaji. Katika Ucheki, Matěj Kopecký (1775–1847) alizunguka vijijini akichezesha kwa Kicheki wakati Kijerumani ndicho kilichotawala ofisini na miongoni mwa watu wakubwa.

UNESCO, chini ya Mkataba wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika, imekwisha kuorodhesha kadhaa kati ya fani hizi: mkakati wa Fujian wa kufundisha kizazi kipya cha wachezeshaji mwaka 2012, vikaragosi vya Slovakia na Ucheki mwaka 2016, na Rūkada Nātya, maigizo ya vikaragosi vya nyuzi ya Sri Lanka, mwaka 2018. Angalia kwamba cha Fujian kilichoorodheshwa ni njia ya kufundisha, wala hakikuwa kikaragosi wala igizo. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika orodha nzima, kwani kabati la kioo lililojaa vikaragosi vizuri visivyo na mtu wa kuvichezesha halina tofauti kubwa na kaburi lililopambwa.

Uhusiano wa sanaa hii na uponyaji nao si uzushi wa siku hizi. Huko Fujian na Taiwan kikaragosi cha Zhong Kui, mfukuza mashetani, huchezeshwa kusafisha mahali palipopatwa na balaa kama vile moto au ajali, ili walio hai warudi kupatumia bila hofu. Katika Ucheki iliyokaliwa na Wanazi, Josef Skupa wa Plzeň, aliyewapa umaarufu wahusika wa nyuzi Spejbl na Hurvínek, aliendelea kuwachekesha watu kwa mafumbo ambayo mtawala hakuyapenda. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata mwaka 1944, akafungwa Dresden, na akatoroka gereza lilipoungua katika mashambulizi ya mabomu ya Februari 1945. Na upande wa tiba ya hospitalini, Lauretta Bender na Adolf Woltmann wa hospitali ya Bellevue, New York, walichapisha mwaka 1936 maelezo ya jinsi walivyotumia maonyesho ya vikaragosi kwa watoto wenye matatizo ya tabia, ingawa vyao vilikuwa vya mkononi.

Hatua ya kwanza: omba idhini, kisha tafuta hadithi

Kabla ya kugusa patasi, amua kama unafuata mapokeo ya jamii fulani au unajenga kikaragosi kipya kwa ufundi wa jumla. Njia zote mbili ni halali, lakini zina wajibu tofauti. Ukifuata mapokeo yaliyo hai, nenda kwa wenye fani na uulize mambo manne bila haraka: ni wahusika gani wanaoweza kuchongwa na mtu yeyote na ni wapi walio wa ibada; ni nani anayeruhusiwa kuwachezesha; hadithi zipi zina msimu au mahali pake; na wenyewe wanataka nini kama malipo au kutajwa. Kikaragosi kama Zhong Kui hakichezeshwi na mtu aliyejifunza kwa kutazama video mbili, kwa kuwa kwa wenyewe tendo lile ni ibada yenye hatari zake. Ukiambiwa hapana, shukuru na uache. Jibu hilo pia ni sehemu ya urithi unaotaka kuulinda.

Hadithi ya kazi ya uponyaji ichaguliwe kwa kanuni moja: iwe karibu na yaliyowapata watu lakini isiwe yenyewe. Kundi lililokimbia vita halihitaji igizo la vita. Linaweza kunufaika na ngano ya ndege ambaye kiota chake kilichukuliwa na mafuriko, akalazimika kujenga kwenye mti asioujua. Ngano za kale zimejaa misiba ya aina hii, na uzuri wake ni kwamba zimekwisha kupita katika vinywa vingi, hivyo hakuna msikilizaji anayejiona amenyooshewa kidole.

Hatua ya pili: kuchonga mwili unaojua kuanguka

Kwa anayeanza napendekeza kikaragosi cha kimo cha sentimita 55. Kikiwa kidogo zaidi ya hapo, uzito wake hautoshi kuzinyoosha nyuzi. Kikiwa kikubwa zaidi, mkono huchoka kabla ya igizo kwisha. Kichwa kiwe takriban sentimita 9, yaani kama sehemu moja ya sita ya kimo, kikubwa kidogo kuliko ilivyo kwa binadamu, kwa sababu mtazamaji wa nyuma husoma kichwa kabla ya kitu kingine. Mikono na nyayo pia zikuzwe kidogo. Uzito wote, pamoja na nguo, usizidi kilo moja na nusu.

Chagua mbao laini, kavu, isiyo na vifundo. Fundo la mti huvunja makali ya patasi na baadaye hupasuka likikauka. Chora umbo la mbele na la upande kwenye gogo lenyewe, punguza kwa msumeno, kisha chonga kwa patasi na kisu ukifuata mkondo wa ubao kila wakati, na umalize kwa tupa na msasa. Kipande kiwe kimebanwa kwenye jiliwa, na mkono wa pili usikae kamwe mbele ya makali. Nalisema hili kwa sababu ajali nyingi za kazi hii hutokea katika dakika za mwisho, mchongaji anapojiambia kwamba kimebaki kijisehemu kidogo tu.

Uso unastahili subira kuliko kiungo kingine chochote. Usichonge tabasamu wala kilio. Uso wenye hisia moja iliyoganda hudanganya katika kila tukio isipokuwa moja, ilhali uso uliotulia hubadilika kwa mwanga: ukiuinamisha, vivuli vya nyusi huingia machoni nao huonekana una huzuni, ukiuinua, mwanga huyafikia mashavu nao huonekana una tumaini. Kwa hiyo chimba matundu ya macho kwa kina, fanya paji la uso litokeze, na mdomo uuache umefungwa au umefunguka kidogo sana. Paka rangi isiyong'aa, kwa kuwa vanishi yenye mng'ao hugeuka kioo chini ya taa na kuufuta uso wote.

Sasa viungo, ambako vikaragosi vingi vya wanaoanza hufia. Kiwiliwili kigawe vipande viwili, kifua na nyonga, viunganishwe kwa ngozi au kamba fupi inayoacha nafasi ya sentimita moja hivi, ili kiuno kiweze kupinda na kugeuka. Shingo iunganishwe kwa kitanzi ndani ya kitanzi, kichwa kizunguke bila kukwama. Kiwiko na kifundo cha mkono hutosha kwa ukanda wa ngozi laini. Goti ni habari nyingine. Chonga ulimi kwenye muundi na mfereji kwenye paja, pitisha msumari mwembamba katikati kama bawaba, na uhakikishe ukingo wa mbele wa paja unauzuia muundi usipinde kwenda mbele. Goti linalopinda pande zote mbili haliwezi kutembea; litabaki likiyumba kama mlango uliong'oka. Kifundo cha mguu nacho kipewe mwendo mdogo wa juu na chini tu.

Baada ya hapo inakuja kazi ya kusambaza uzito. Nyonga na nyayo ndizo ziwe nzito, kifua na mikono viwe vyepesi. Toboa shimo chini ya kila unyayo kwa keekee, ingiza vipande vya chuma, kisha ziba kwa kijiti na gundi. Epuka madini ya risasi ingawa mafundi wa zamani waliyatumia, kwa sababu ni sumu, na vikaragosi vya jamii hushikwa na watoto. Jaribu hivi: kishike kikaragosi begani kwa vidole viwili, kinyanyue, kisha kishushe taratibu mpaka nyayo ziguse meza. Kisimame chenyewe kwanza kwa nyayo, ndipo magoti yapinde na nyonga iketi. Kikianza kwa kuinama kifuani, juu kumezidi uzito. Rudi kwenye patasi.

Hatua ya tatu: kishikio na nyuzi tisa

Kikaragosi cha kawaida kinahitaji nyuzi tisa: mbili za mabega, mbili za kichwa, moja ya mgongo, mbili za mikono na mbili za magoti. Ninawashauri wanaoanza wasizidishe hata mmoja kwa mwaka mzima. Mchezeshaji wa kathputli mwenye nyuzi chache huliamsha jukwaa lote, na idadi ya nyuzi haijawahi kumwokoa asiyejua kungoja.

Kishikio rahisi ni umbo la eropleni. Chukua kijiti kikuu cha mbao ngumu chenye urefu wa sentimita 26, ukikaze kijiti cha kukingama chenye sentimita 14 kwa ajili ya nyuzi za kichwa, na kingine kifupi zaidi nyuma yake kwa nyuzi za mabega. Mkia wa kijiti kikuu hubeba uzi wa mgongo. Mbele kabisa toboa tundu ambamo uzi mmoja mrefu hupita kutoka mkono wa kushoto wa kikaragosi hadi wa kulia (pande zake mbili ndizo nyuzi mbili za mikono katika hesabu ya tisa), ili ukiuvuta upande mmoja mkono ule uinuke na mwingine utulie. Kijiti cha magoti kiwe cha kujitegemea, kining'inizwe kwenye ndoano ndogo, kiweze kutolewa kwa mkono wako wa pili wakati wa kutembea. Misasa ipite kila ncha. Kona moja tu yenye makali itakata uzi katikati ya igizo.

Kwa nyuzi tumia uzi wa kusuka wenye rangi nyeusi au ya kijivu, na uupake nta ya nyuki ili usivimbe wala kusokotana. Uzi wa nailoni unaopitisha mwanga huwavutia wengi kwa kudhani hautaonekana, lakini hung'aa chini ya taa na hubaki na mikunjo ya kigurudumu chake. Tundika kishikio kwenye ndoano kwa kimo ambacho, kikaragosi kikiwa kimesimama sakafuni, kishikio kinakuwa usawa wa kiwiko chako. Kwa mtu wa kimo cha wastani nyuzi za kichwa zitatoka takriban sentimita 50 hadi 60.

Anza na mabega, kwa sababu ndiyo yanayobeba mwili. Yakishabeba, funga nyuzi za kichwa kwenye skrubu ndogo zenye kitanzi zilizowekwa juu ya masikio, nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, ili uso uelekee chini kidogo kwa asili yake. Kikaragosi kinachotazama mbinguni muda wote huonekana kama kilichosahauliwa. Nyuzi za kichwa zikazwe kiasi cha kukiinua tu, zisiubebe mwili. Kisha uzi wa mgongo, kwa ajili ya kuinama na kusujudu. Mikono ifuate, ikiachwa ilegee mbele ya mapaja, na magoti yaje mwisho. Funga mafundo ya muda kwanza, chezesha kwa siku kadhaa, rekebisha, ndipo uyakaze na kuyatia tone la gundi.

Hatua ya nne: kufundisha mkono kungoja

Siku saba za kwanza usikitembeze kikaragosi hata hatua moja. Kisimamishe, hakikisha nyayo zinagusa sakafu bila kubonyea na bila kuelea, na ukifanye kipumue. Pumzi hupatikana kwa kuinua kishikio milimita chache ukivuta hewa, na kukishusha ukitoa. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Kosa la kuelea, yaani nyayo kuwa juu ya ardhi, ndilo linaloua imani ya mtazamaji kuliko nyuzi kuonekana, kwa sababu kiumbe kisicho na uzito hakina la kupoteza.

Baada ya pumzi jifunze mtazamo. Kila tendo la kikaragosi huanzia kichwani: kinatazama, kinatulia kidogo, ndipo kinatenda. Kisha mwendo. Kiungo kilichoning'inia kwenye uzi ni timazi, na timazi ina saa yake isiyobishana na mtu. Uzi wa sentimita 50 hubembea kwenda na kurudi kwa takriban sekunde 1.4, na wa mita moja kwa sekunde mbili. Ukitaka hatua ya haraka kuliko timazi yako, utapigana nayo na kushindwa. Inua goti, acha muundi ubembee mbele wenyewe, sogeza mwili mzima juu ya unyayo huo, tua, ndipo uinue goti la pili. Wanafunzi wengi husema kwamba pumzi yao wenyewe imepungua kasi kufikia mwisho wa zoezi hili, na sioni ajabu, kwa kuwa mwili umelazimika kufuata saa ya mbao.

Jukwaa halihitaji gharama. Pazia jeusi au la kijivu nyuma, sakafu yenye rangi tofauti na nyayo, na taa mbili za pembeni zinatosha. Taa ya mbele huziangazia nyuzi na kutupa kivuli cha mchezeshaji ukutani. Kikaragosi cha sentimita 55 huonekana vizuri hadi umbali wa mita nane hivi, kwa hiyo watazamaji wasizidi hamsini. Kwa kazi ya uponyaji mimi napendelea mchezeshaji aonekane, akiwa amevaa nguo zisizo na madoido, kwa sababu watu walioumizwa hawapendi kujiuliza nani amejificha nyuma ya pazia.

Hatua ya tano: kuketi na watu walioumia

Kundi la kazi liwe la watu wanane hadi kumi na wawili, wakutane mara moja kwa wiki kwa majuma sita au nane, mahali pamoja na saa ileile. Wasimamizi wawe wawili: mmoja mwenye fani ya vikaragosi na mwingine mwenye mafunzo ya ushauri nasaha, ambaye kazi yake ni kuwatazama watu na kuliacha jukwaa kwa mwenzake. Kabla ya mkutano wa kwanza mjue ni wapi mtamwelekeza mtu atakayehitaji msaada mkubwa zaidi. Bila jambo hilo msianze. Penye watoto, mlezi atoe idhini na mtoto mwenyewe aulizwe pia.

Mikutano miwili ya mwanzo iwe ya mikono tu. Watu wapige msasa, washone nguo, wafunge viungo. Mazungumzo yenye maana hutokea watu wanapotazama kazi iliyo mapajani, na mtu asiyetaka kusema lolote ana sababu ya heshima ya kuwapo. Asilazimishwe mtu kuchonga sura ya ndugu aliyekufa. Akiomba mwenyewe, zungumzeni naye kando kwanza, kwa sababu kikaragosi kinachofanana na marehemu hubaki nyumbani baada ya mikutano kwisha, na familia nzima italazimika kuishi nacho.

Mkutano wa tatu ni wa pumzi na mtazamo. Kila mmoja akisimamishe kikaragosi chake na kukifanya kipumue kwa dakika chache, kimya. Hapa wakubaliane pia juu ya ishara ya kusitisha, kwa mfano kuketisha kikaragosi na kulaza kishikio sakafuni, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kuulizwa sababu.

Hadithi huingia katika mkutano wa nne. Zingatia kanuni hizi, nami nazitoa kwa mkazo. Kikaragosi kisibebe jina la mtu halisi wa pale. Maswali yaelekezwe kwa kikaragosi, kwa nafsi ya tatu: "Huyu ndege anaogopa nini akisikia mvua?" Usiulize kamwe "Je, wewe pia yalikupata?" Swali hilo hukata uzi uliokuwa ukimlinda. Hadithi isimalizike kwa msamaha uliotungwa na msimamizi. Kikaragosi kikikataa kusamehe, kiachwe kikatae. Hapa ndipo lile jambo la kuvuta na kutosukuma linapokuwa na uzito kuliko pale kwenye goti, kwani msimamizi anayesukuma kundi kuelekea mwisho mzuri anafanya kosa lilelile la mchezeshaji anayetaka muundi ushuke kabla ya wakati wake.

Wahusika wanaowakilisha waliotenda uovu wahitaji tahadhari ya pekee. Kundi litapenda kukipiga kikaragosi hicho, na kicheko cha kwanza kitakuwa kikubwa. Niamini, kicheko cha pili huwa na sauti nyingine. Ni salama zaidi mhusika huyo aonekane kwa kivuli au kwa sauti, na hadithi ibaki kwa wale waliobaki na wanavyoendelea kuishi. Afrika Kusini ilitoa mfano wa busara mwaka 1997, Handspring Puppet Company ilipotumia vikaragosi kusema ushuhuda wa walioumizwa na ubaguzi wa rangi uliotolewa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, ilhali mtenda maovu mkuu aliigizwa na mwigizaji mwenye mwili wake. Vile havikuwa vya nyuzi, lakini uamuzi wa nani apewe mbao na nani apewe nyama unafaa kufikiriwa na kila msimamizi.

Ukiona mtu ameganda, anapumua kwa kasi, au anatazama mahali pasipo na kitu, usimvute kuelekea kwenye hadithi. Mwambie aguse mbao, ataje ni laini au ina mikwaruzo, ahesabu vifungo vya nguo. Mwenzako mwenye mafunzo aketi karibu naye, na igizo lisimame. Kila mkutano umalizike kwa tendo lilelile: vikaragosi vyote vinapumua mara tatu, vinaketi, vinavuliwa kijiti cha magoti, vinatundikwa. Kisha kila mtu aseme jina lake mwenyewe kwa sauti, ili arudi kutoka kwa mhusika. Hatua hii hurukwa mara nyingi kwa sababu muda umekwisha. Pangeni muda wake kwanza, mengine yafuate.

Onyesho mbele ya jamii nzima ni la hiari, na kundi lina haki ya kulikataa hata baada ya viti kupangwa. Likifanyika, liwe fupi, dakika ishirini au pungufu, na waliotunga ndio waamue nani aalikwe, nani apige picha, na picha hizo zikae wapi.

Kuandika, kukabidhi na kutunza

Weka daftari la kila kikaragosi: aina ya mti, vipimo, mpangilio na urefu wa kila uzi, nani alichonga, nani alimfundisha, hadithi zipi kimecheza. Rekodi mikono ya mchezeshaji mzee kutoka juu na kutoka pembeni, kwa kuwa video iliyopigwa kutoka viti vya watazamaji huonyesha kikaragosi na kuficha ufundi wenyewe. Maneno ya kienyeji ya sehemu za kishikio na ya miondoko yaandikwe kama yanavyosemwa; mara nyingi jina la mwondoko ndilo linaloeleza namna ya kuufanya. Yaliyosemwa katika mikutano ya uponyaji, hata hivyo, yasiingie katika daftari hili.

Kikaragosi kihifadhiwe kikiwa kimetundikwa ndani ya mfuko wa pamba, mbali na jua na jikoni, mahali ambapo unyevu haubadiliki ghafla. Kabla ya kukitia mfukoni kizungushe mara chache upande mmoja ili nyuzi zijisokote kuwa kamba moja, na siku ya kukitoa kizungushe kinyume chake. Nyuzi zilizoachwa huru ndani ya mfuko hufungana kwa namna ambayo hakuna fundi atakayeielewa. Zikifungana, usivute ncha yoyote. Tundika kishikio, ondoa kijiti cha magoti, legeza kutoka katikati kwa sindano butu ukianza na uzi wa mgongo, kwani mara nyingi ndio ulioingia kati ya wengine. Vumbi laini la unga wa mbao chini ya kikaragosi ni dalili ya wadudu, na chenye dalili hiyo kitengwe na wenzake siku hiyohiyo. Nyuzi zibadilishwe zote pamoja, hata kama ni mmoja tu uliokatika, kwa kuwa uzi mpya hurefuka kwa kiasi tofauti na wa zamani. Anayezibadilisha awe mwanafunzi mdogo kuliko wote, mwalimu wake akiwa ameketi kando, mikono mapajani.